Mwalimu Aliyeombaga Gesi ya Ng'ombe

Kwanza niseme wazi kwamba alinichosha. Mtu akishazeeka tunapenda kumsema vizuri, kama vile hakuwahi kutupandisha presha. Mwalimu wa Fizikia yuko hai, yuko hapa hapa Nyasura, anakohoa kwenye kiti chake cha waya, na bado nasema alinichosha. Miaka yote niliyokuwa bibi mifugo, nikizunguka vijiji vya Butiama na pikipiki na mtungi wa mbegu za madume nyuma yangu, hakuna mfugaji aliyenisumbua kama yeye. Na hakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Nieleze huo mtungi, maana ndio uliotukutanisha. Mbegu ya dume inakaa kwenye mirija myembamba, na mirija inakaa kwenye gesi ya nitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa maji. Hayo maji ni baridi kupita barafu yoyote unayoijua. Ukiyamwaga chini yanachemka, yanatoa moshi mweupe, yamekwisha. Yakipungua mtungini mbegu inakufa, na mfugaji aliyesubiri ndama wa maziwa anabaki na ng'ombe wake na matusi yake, na matusi yote ni yangu. Kwa hiyo mimi gesi yangu nilikuwaga naipima kama mama anayepima unga wa mwisho. Nachomeka ufito, nautoa, naangalia umande ulioganda umefika wapi.

Basi siku moja, tukiwa majirani wa kupungiana mkono tu, akasimama getini kwangu na chupa kubwa ya chai chini ya kwapa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia una nitrojeni."

"Ninayo ya ng'ombe."

"Kidogo tu. Ng'ombe hawatajua."

Hakuuliza habari za nyumbani, za kazi wala za watoto. Nikamwambia ng'ombe hawatajua, lakini wenye ng'ombe watajua, na hao wana fimbo. Akacheka kidogo, akabaki pale pale. Alikuwa na kusimama kwa aina yake, miguu imekaa kama imepandwa, mpaka mtu unampa kitu ili aondoke. Nikampa. Tangu siku hiyo kila niliporudi kutoka Musoma na mtungi umejazwa, chupa ya chai ilikuwa inanisubiri.

Alikuwa anafundisha sekondari moja upande wa Manyamanyama. Kabla ya hapo alisomaga Ulaya, na huko ndiko alikoshikwa na huu ugonjwa wake, maana mimi nauita ugonjwa. Kuna kauri fulani, kitu cha kuchomwa motoni kama kigae, nyeusi, ukiitazama unaweza kudhani ni kipande cha sufuria kuukuu. Ukiipoza kwa gesi kama ile yangu, inapitisha umeme bila kuupoteza hata kidogo. Waya wa kawaida unakula sehemu ya umeme njiani, ndiyo maana unapata joto. Kauri hii haili kitu. Ukiweka sumaku ndogo juu yake, sumaku inaelea hewani. Wanafunzi wake aliwaonyesha hilo kila mwaka, wakapiga kelele kama wako uwanjani, yeye akakunja uso.

"Kuelea ni mchezo wa watoto," aliniambia. "Hata kigae kibaya kinafanya sumaku ielee. Swali ni kinapitisha umeme kiasi gani kabla hakijashindwa."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na alinieleza mara nyingi mpaka naweza kukueleza na mimi. Unga wa hiyo kauri una chembe bapa kama magamba ya samaki. Siku aliyonifanya nielewe, mke wake alikuwa amekaa uani anapaa sato, magamba yamejaa kwenye beseni. Mwalimu akachota konzi akanionyesha. Unaona yalivyolala? Hili limesimama, hili limepinda, hili linampa mwenzake kisogo. Umeme ukipita humu unajikwaa kila hatua. Akayamwaga juu ya ubao, akaweka kiganja, akakandamiza na kuzungusha taratibu. Magamba yakalala yote upande mmoja. "Hivi ndivyo ninavyotaka. Lakini hayalali hivi yakiwa baridi. Lazima uyapashe moto mpaka yalegee, halafu uyakandamize yakiwa humo humo motoni, na uyakandamize kwa saa nyingi bila kuachia."

Mke wake akasema, "Umemaliza na magamba yangu? Naomba ubao."

Kule Ulaya kulikuwa na mashine ya kazi hiyo. Unabonyeza, unaenda kulala, asubuhi unakuta kipande chako. Hapa alikuwa na tanuri alilojenga mwenyewe kwa matofali ya kuhimili moto, na jeki ya lori aliyoinunua mtaa wa Mukendo kule Musoma kwa mtu wa vipuri, akaifunga kwenye fremu ya chesisi. Jeki ilikaa nje ya tanuri, ikasukuma fito mbili za kauri zilizoingia ndani, maana chuma kingeingia kwenye joto lile kingelegea. Unga ukishapata moto unasinyaa, na ukisinyaa jeki inalegea, kwa hiyo lazima mtu akae hapo anapiga pampu kidogo, anasubiri, anapiga tena. Mtu mwenyewe ni yeye. Likizo nzima utamkuta kwenye stuli, shati limelowa, jicho kwenye kipimajoto, mkono kwenye jeki.

Alikuwa na ukali wa kijinga. Watu wa bodaboda walimjua, ukimpita kwa kasi karibu na ukuta wake atatoka na ndala mkononi. "Unatikisa tanuri langu, mura, kijana wewe!" Sasa niambie, pikipiki itatikisaje tanuri? Lakini huyo huyo asiyevumilia pikipiki alivumilia kipande kipoe siku mbili bila kukigusa, eti kikipozwa haraka kinapasuka. Na alikuwa mgumu. Sukari kwake ilikuwa inafungiwa kabatini, chai yake unaiona chini ya kikombe. Halafu nikasikia kutoka kwa watu wengine, si kwake, kwamba watoto watatu pale shuleni ada yao alikuwa anailipa yeye. Nilipomuuliza alikasirika kabisa. "Nani kakuambia? Hayo ni mambo ya ofisi."

Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe alikuwa anasikilizia kama umeme umekatika. Taa ya madhabahuni ikizimika tu, utaona suti ya kijivu inatoka mbio, padri yuko katikati ya mahubiri. Padri alizoea, akawa anasimama kidogo, anamwacha atoke, anaendelea.

Na umeme ulikatika, jamani. Ulikatika wakati wa kupasha, ukakatika wakati wa kukandamiza, ukakatika wakati wa kupoza. Sijui alipoteza vipande vingapi, na nadhani yeye mwenyewe aliacha kuhesabu. Vilijaa kwenye ndoo nyuma ya choo, vipande vyeusi vyeusi. Kuku wa mke wake walikuwa wanavidonoa wakifikiri ni kitu.

Kwa nini alijitesa hivyo? Hilo nilimuuliza mapema kabisa, maana mimi si mtu wa kuzunguka. Akaniambia kuna profesa wake kule. Siku ya kuagana alimshika bega, akamwambia kwa upole, si kwa dharau, na huo upole ndio uliomuuma: nyumbani utafundisha vizuri sana, lakini kukandamiza hutakandamiza tena. Walikuwa wamempa nafasi ya kubaki. Akakataa.

"Nikasema nikingoja nchi iwe na mashine ndiyo nirudi, nitarudi kwenye jeneza," alisema. "Sasa nimerudi. Kama siwezi kutoa kipande kinachobeba umeme sawa na kile nilichotoa kule, basi nilirudi kufanya nini?"

"Ulirudi kufundisha."

"Kufundisha angefundisha yeyote."

Si kweli, nikamwambia, na bado nasema si kweli. Lakini alishajiwekea kipimo chake, na mtu akishajiwekea kipimo kama hicho utamtoaje hapo? Kile kipande cha Ulaya alikuwa nacho, amekizungushia pamba kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila alichotoa kwenye tanuri alikipima, akakilinganisha na kile. Vya kwanza havikufika hata sehemu ya kumi. Baadaye vikapanda, vikashuka, vikapanda. Nilijua matokeo kwa kumtazama akirudi na chupa ya chai. Kama hakusema asante, hakikufika.

Kuna mwaka alikaribia. Nakumbuka kwa sababu ya msiba wa mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mwalimu alikuwa na kipande motoni tangu juzi yake, na mwenyewe alisema kimekaa vizuri, jeki imetulia, haijawahi kutulia hivyo. Asubuhi wakaja wanaume wa mtaa, kofia mkononi. Msibani hakuna umeme wa kutosha, wageni wanatoka Musoma, wengine visiwani, kuna spika za kwaya, kuna friji la kukodi la soda, na nyumba ya Mwalimu ndiyo pekee yenye waya mnene. Wanaomba waunge.

Mimi nilikuwepo, nilikuja kumkabidhi chupa. Nikaona anavyolitazama tanuri. Waya ule alikuwa ameuvuta kwa ajili ya tanuri tu, na tanuri lilikuwa linakula umeme wake wote. Angeweza kuwaeleza. Wangeelewa? Utawaambiaje watu waliofiwa kwamba una kigae jikoni hakijaiva?

"Ungeni," akasema.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "si uwaambie wasubiri hata mpaka kesho?"

"Maiti inasubiri?"

Akalegeza jeki mwenyewe, akazima tanuri mwenyewe, akaenda kuwashikia ngazi. Kisha akakaa msibani siku zote za msiba pamoja na wanaume wengine, akila ugali wa msibani, hakwenda hata kuchungulia. Kipande kilitoka kimepasuka vipande vitatu. Alichosema kwangu ni hiki tu: "Kwaya ilisikika vizuri." Sikujua nicheke au nilie, nikaenda zangu kwa ng'ombe.

Mke wake ni mwanamke wa maneno machache, ana genge la dagaa na mboga karibu na stendi, na kwa miaka mingi genge ndilo lililolisha nyumba wakati mshahara unageuka matofali. Nilimuuliza siku moja, dada, wewe humwambii kitu? Akaniangalia kama nimeuliza ujinga. "Wanaume wa wenzangu wanakunywaga," akasema. "Wangu anachoma vigae. Nilalamike nini?" Akaendelea kupanga mafungu yake.

Akastaafu. Nilidhani hapo atatulia, ndipo akazidi. Sasa alikuwa na siku zote za wiki. Lakini mwili ukaanza kugoma. Bega la kupigia jeki likakauka, macho yakaingia mtoto wa jicho, akawa anasoma kipimajoto kwa kukiwekea pua. Kikohozi nacho. Nikamwambia huo unga unaukohoa, Mwalimu, kaa nao mbali. Akanijibu kwamba mimi kazi yangu ni ng'ombe.

Mwaka jana, kiangazi, akaja getini. Safari hii hakuwa na chupa, alikuwa na ndoo ndogo ya plastiki iliyovikwa godoro kuukuu ili isipitishe joto.

"Bibi Mifugo, ninacho. Hiki ndicho. Nimekikandamiza kwa taratibu kuliko vyote, na umeme haukukatika hata mara moja. Hiki kikikataa hakuna kingine, bega limekufa."

Nilikuwa na gesi kidogo sana. Gari la kutujazia lilikuwa limechelewa, na watu wa Butiama walishanipigia simu, ng'ombe wako kwenye joto la kutaka dume, wanataka mbegu wiki hiyo. Nikapima kwa ufito. Nikaona naweza kumtolea mara moja, kwa shida. Nikamfuata na mtungi mpaka kwake.

Tukaweka kipande kwenye beseni, tukamimina. Moshi ukajaa uani, mke wake akafunga mlango wa jikoni. Mwalimu alikuwa ameunga nyaya nne: mbili za kuingiza umeme kutoka betri ya lori, mbili za kwenda kwenye mita. Mita ikikaa kwenye sifuri ujue kauri inapitisha bila kupoteza. Ikianza kupanda ujue imeshindwa, na kiasi cha umeme uliofikia hapo ndicho alama yake.

"Mimi sioni," akasema. "Wewe soma. Usinidanganye."

"Nikudanganye kwa nini?"

"Kwa sababu una huruma. Soma tu."

Akaanza kuongeza umeme kidogo kidogo kwa kile kidude chake cha kuzungusha. Mimi nimeinama, jicho kwenye mita. Sifuri. Akaongeza. Sifuri. Akaongeza. Sifuri. Sifuri. Kisha mita ikaruka.

"Imeanza," nikasema.

Akaacha kuzungusha. Akaniomba nimsomee kiasi cha umeme kwenye kile kidude. Nikamsomea. Akaomba nisome tena, nikasoma tena. Akakaa kwenye ile stuli.

"Nusu," akasema. "Nusu ya kile cha kule."

Maji ya baridi yalikuwa yanachemka kwenye beseni yakiisha. Baadaye akainuka ghafla, akainama juu ya beseni, akapapasa penye nyaya.

"Huu waya. Huu wa kuingizia. Nimeuunga vibaya, sikuuona. Umepata joto pale kwenye maungio, ukakipasha kipande kabla ya wakati. Alama hii si ya kweli, Bibi Mifugo. Nitauunga upya sasa hivi, unisaidie kuona. Nimiminie mara moja tena."

"Mwalimu, gesi."

"Mara moja tu."

"Ikitoka tena mbegu zote zinakufa."

Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Nilishajua atasimama vile anavyosimamaga, miguu imepandwa, na nilishaogopa kwamba nitampa, maana sijawahi kumshinda. Nikachomeka ufito nikampa mkononi. Akaupapasa kwa kidole mpaka palipoishia umande ulioganda. Palikuwa chini kabisa. Akanirudishia.

"Funika," akasema. "Ng'ombe ni wa watu."

Nikafunika. Nikafunga mtungi kwenye pikipiki, nikaenda Butiama. Nilifanya kazi yangu, lakini kila boma nililofika nilikuwa na hasira. Nilimfokea mzee wa watu kwa sababu kamba ya ng'ombe wake ilikuwa fupi, maskini, kamba ilikuwa sawa tu.

Gari lilipofika Musoma nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nikajaza mpaka juu. Sikwenda Butiama, nilikata moja kwa moja mpaka Nyasura, nikaingia uani kwake bila hodi. Mke wake alikuwa anapanga matofali ya tanuri kwenye kona, anajenga banda la kuku. Ile jeki ilikuwa kwenye turubai, imepakwa grisi, inasubiri mnunuzi. Mwalimu amekaa kwenye kiti chake, kopo la maziwa ya unga liko mapajani, na ndani ya kopo vipande viwili sasa.

"Nimeleta nyingi," nikasema. "Yote yako. Toa kipande, lete nyaya, nitakuungia mimi, macho yangu ni mazima."

Akatikisa kichwa.

"Mwalimu! Nimeacha watu barabarani kwa ajili yako."

"Nashukuru. Nakushukuru kweli."

"Sasa si tupime? Pengine kimefika. Pengine kilifika tangu siku ile."

"Pengine," akasema.

Nikakaa chini kwenye tofali. Nilikuwa nimechoka na vumbi la njia, na nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu mzima. Nikamwambia maisha yake yote alitaka kujua, gesi hii hapa, kipande hiki hapa, anaogopa nini? Mke wake aliacha kupanga matofali akamtazama na yeye.

Mwalimu akafunga kifuniko cha kopo taratibu.

"Tukipima kikatoa nusu tena, itakuwa ni mimi," akasema. "Mpaka sasa ni waya. Nimechoka, Bibi Mifugo. Niachie waya wangu mbovu."